Niliandika kwa Jina la Bandia, Wakamfuata Mwajiri Wangu

Mpendwa Mama Khavere,

Kuna sauti moja isiyotoka masikioni mwangu, sauti ya pete ikigonga kioo cha kaunta, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ameshaingia, na tangu niisikie nimekuwa nikishtuka kila mteja anapoweka mkono juu ya kioo hicho, hata kama ni mama wa watu aliyekuja kumpigia simu mwanawe. Nakuandikia kwa sababu siwezi tena kufikiri peke yangu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo kikuu, shahada yangu imetundikwa kwa mama karibu na kalenda ya kanisa, na kazi niliyoipata ni katika ofisi ndogo ya mawasiliano hapa Eastlands, juu ya maduka ya vitambaa. Mwenye ofisi ni Mzee Magan, Msomali aliyezaliwa Pumwani na kulelewa huko huko. Majirani wetu hawana kompyuta, kwa hiyo anwani ya barua pepe ni moja tu, ya ofisi, na anayeandikiwa na jamaa yake wa ng'ambo hutajwa kwa jina mwanzo wa ujumbe, nami nauchapa kwa printa, naukunja, naandika jina kwa nje na kuuweka mpaka mwenyewe apite kuuchukua. Wanatuamini. Mzee ni mtu mwema, huniita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki, na mkewe, Mama Fadumo, hutuletea chai ya iliki na kunigombeza kwamba nimekonda.

Hofu hii ilianzia kwenye kitu nilichokipenda. Yuko Mkenya mmoja anayesoma Amerika, anaitwa Patrobas, ambaye kila siku hupitia kurasa za Wakenya kwenye mtandao, wale wanaoandika mawazo yao na habari za nyumbani, akakusanya yote mapya pamoja na maoni ambayo wasomaji wameyaacha chini yake, akayafunga fungu moja na kuwatumia wote waliojiandikisha, hivi kwamba huna haja ya kuzunguka ukitafuta, yanakujia yenyewe. Nilijiandikisha kwa anwani ya ofisi kwa kuwa sina nyingine, nikaipanga kompyuta iwe inayatenga kwenye faili la pembeni nililoliita Bei za Karatasi, ili mtu yeyote asitamani kulifungua, na kila asubuhi kabla ya wateja nililisoma lote. Sijui kama utanielewa, Mama, lakini mtaani kwangu huulizwa nitaolewa lini, na kanisani huulizwa kwa nini siimbi kwaya, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini. Pale watu walikuwa wakibishana na kujibizana, nami nilijiona kama niliyeketi nao.

Mwezi wa sita, uwanja wa mpira ulio ubavuni mwa shule ya msingi ya mtaa wetu ulizungushiwa mabati. Kila mtu anajua ni ya nani, wauza sukuma wiki wanalisema jambo hilo bila kushusha sauti. Lakini katika fungu la Patrobas nikakuta mtu wa London ameandika kwamba uwanja ule ulikuwa wa mtu binafsi tangu zamani na wakazi ni wapiga kelele waliozoea vya bure. Nilikasirika. Nikaandika maoni, nikamtumia Patrobas kwa barua pepe ayatie kwenye fungu, nikajiita Jirani wa Uwanja, nikasema mabati yale ni ya shemeji wa diwani na kwamba diwani mwenyewe alikuja kuyakagua. Wakanijibu, nikawajibu tena, nikalala usingizi mzuri ambao sijaupata tangu nitoke chuoni.

Ndipo mmoja wa Texas akaandika hivi: "Ninyi mnaouliza Jirani wa Uwanja ni nani, hamsomi mpaka chini?"

Nikasoma mpaka chini. Mama, chini ya kila neno nililoandika palikuwa na jina la ofisi yetu, ambayo Mzee aliipa jina lake mwenyewe, jina la jengo, ghorofa, nambari ya simu, na maneno "Karibuni kwa huduma ya simu, faksi na barua pepe." Na ni mimi niliyeyaweka. Mzee aliponunua kompyuta aliniambia, "Mwalimu, kila barua itakayotoka hapa ndani itutangaze," nikaiamuru mashine iongeze tangazo hilo kwenye kila ujumbe unaotoka, nayo huliongeza wakati wa kutuma, hulioni unapoandika. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza kama niliyoyasema ni kweli. Walichoandika ni, kumbe ni Msomali, kumbe mkimbizi ndiye anatufundisha habari za ardhi, nani alimpa kitambulisho, kuna mtu wa mkono mrefu serikalini huko nyumbani aende akamwangalie. Nilimwandikia Patrobas nikamsihi ayafute. Alinijibu kwa upole: "Dada, ningeweza ningefuta. Lakini kilichotoka kimetoka, kiko kwenye mashine za watu wote sasa." Na bado nasoma. Kila asubuhi nafungua Bei za Karatasi, nahesabu ni wangapi wamelitaja jina la Mzee, kwa sababu naona nikiacha kusoma ndipo watakapokuja.

Walikuja huku nasoma. Yule wa pete aliingia asubuhi, suti ya kijivu, kiatu kinang'aa, akaanza kugonga kile kioo.

"Sasa, mrembo. Hapa ndio mnaandikianga watu wa majuu?"

"Wateja ndio huandika. Sisi tunatuma tu."

"Na mzee wako? Yeye pia ni mteja?"

Nikavuta karatasi za printa, nikaanza kuzikunja. Akatabasamu, akasema atarudi. Mzee alipotoka chumba cha nyuma aliniuliza, "Huyo alitaka nini? Faksi ama maneno?"

"Maneno, Mzee."

"Maneno hapa ni bure. Angetaka faksi ningemkaribisha chai."

Juma lililofuata akarudi, akasema ni mtu wa serikali, akamtaka Mzee atoe kitambulisho. Mzee akampa, na juu yake akampa ile kadi nyingine ambayo Wasomali wa Kenya walipewa walipohakikiwa, akamwambia, "Mimi nina mbili, wewe una moja. Haya, sema nani Mkenya zaidi." Mimi na Mama Fadumo tulicheka. Yule mtu hakucheka. Alirudisha kadi, akatia kitambulisho mfukoni, akamwandikia Mzee jina la ofisi fulani huko mjini na kumwambia aende akakichukue Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Sasa Mzee hatoki nje, maana bila kitambulisho anaweza kukamatwa. Akisikia kuna msako anashusha mlango. Anadhani shida ni leseni ya ofisi, amepanga karatasi zake za leseni vizuri ndani ya mfuko, na Ijumaa hiyo atakwenda peke yake kujibu maswali ambayo hajui yanatoka wapi. Nami najua. Nikimwambia, nitapoteza kazi, na huenda wakaja nyumbani kwa mama yangu ambaye hajui hata kompyuta inafananaje. Nikinyamaza, atakwenda na asirudi. Nimefikiri niache kazi nipotee, nimefikiri niandike kule kwenye mtandao kwamba si yeye, nimefikiri nimtafute wa pete nijitoe mwenyewe. Kila nikiamua, naona mkono wake juu ya kioo, naacha. Nifanye nini, Mama?

Mwenye Hofu,
Eastlands, Agosti 1999

*

(Mwandishi alipelekewa jibu hili kabla halijachapishwa, kwa kuwa jambo lake halikuweza kungoja. Majina na mitaa tumeyageuza, na yeye na mwajiri wake wametupa ruhusa.)

Binti yangu,

Hofu yako si ya kitoto, na sitakudanganya kwamba hakuna kitu. Mtu akichukua kitambulisho cha mwenziwe akakitia mfukoni bila kuandika popote kwamba amekichukua, hapo pana kitu. Pole.

Lakini nitakugombeza pia, kwa sababu huyo Mama Fadumo amekugombeza kwa kukonda tu na amekuachia mengine. Umesoma maoni ya watu wa Texas na London kila asubuhi. Unajua kila mmoja wao amesema nini na lini. Na mzee wa watu ameketi chumba cha nyuma, anakunywa chai na wewe, na huyo hujampa hata sentensi moja! Wale hawawezi kukusaidia na wala hawataki. Yeye ndiye ambaye shingo yake iko hatarini, na ni yeye pekee asiyejua. Unasema ukiacha kusoma watakuja. Hao watu walikuja ulipokuwa ukisoma, umeandika mwenyewe. Kusoma huko si ulinzi, binti, ni kujikuna kidonda.

Kosa lako si kusema ukweli juu ya uwanja. Ukweli ule ni wa mtaa mzima. Ulipokosea ni kuusema peke yako, nyuma ya pazia, ukaacha mlango wa mtu mwingine wazi. Ungekwenda kwenye mkutano wa wazazi wa shule ukasimama, ungekuwa mmoja kati ya mia. Wauza sukuma wiki wanasema kwa sauti kwa sababu wako wengi, na hilo hukulisoma chuoni.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, mwambie Mzee Magan, na Mama Fadumo awepo. Usianze kwa kulia na usianze kwa kujitetea. Mwambie ulichoandika, mwonyeshe tangazo linavyojibandika chini, mwambie ni nani aliyekuja na kwa nini. Akikufukuza, ondoka kwa heshima. Ni haki yake. Kisha liondoe hilo tangazo kwenye mashine kabla hujatuma barua nyingine hata moja, na mwambie huyo Patrobas akuondoe kwenye orodha yake mpaka mambo yatulie. Usiandike utetezi wowote kule. Moto haupepewi ukazimika.

Ijumaa hiyo mzee asiende peke yake hata kama anasema yeye ni mwanaume. Mpate wakili. Pale mjini kuna vituo vya msaada wa sheria, watu hawarudishwi. Kabla ya hapo mkaripoti kituo cha polisi kwamba kitambulisho kimechukuliwa, mpewe nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na nakala ibaki nyumbani. Apate na watu wawili wa msikitini waende naye, wazee wenye sauti. Mtu anayeonekana na wengi hapotei kwa urahisi.

Na hilo la kujitoa kwa mwenye pete, achana nalo. Wewe si sadaka ya mtu. Ukweli huu una mwenyewe anayestahili kuusikia kwanza, naye anakunywa chai ya iliki. Nenda ukamwambie kabla kikombe hakijapoa.

Mama Khavere

*

(Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye.)

Mama Khavere,

Nilimwambia siku ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nifungue Bei za Karatasi nimsomee yote, na nilipojaribu kuruka matusi aliniambia, "Soma, Mwalimu. Nimeitwa hayo tangu kabla hujazaliwa." Mama Fadumo alitoka nje hakurudi mpaka jioni. Mzee hakunifukuza. Alisema tu kwamba ningemwambia mapema angeacha mzaha wa kadi mbili.

Tangazo nimeliondoa na kwa Patrobas nimejitoa. Tuliripoti. Tulipata wakili, mwanamke anaitwa Nzisa, akaja nasi Ijumaa pamoja na wazee wawili wa msikitini. Wa pete alikuwa nyuma ya meza, kitambulisho cha Mzee kimelala mbele yake. Akamwambia, "Unaandika vizuri kwa mtu asiyejua kompyuta."

Mzee akajibu, "Ofisi ni yangu. Kinachotoka pale ni changu."

Wakili alikuwa ameniambia mapema nisifungue mdomo, na wewe ulinionya hivyo hivyo, nami nilikuwa nimekubali. Lakini nilimtazama Mzee ameketi wima, mikono juu ya magoti, akisubiri kubebeshwa maneno yangu, na nikaona nikiondoka pale bila kusema nitayasikia maisha yangu yote.

Nikasema, "Ni mimi." Nikasema jina langu kamili, la baba na la ukoo, na shule ile na uwanja ule. Nzisa alinishika mkono kwa nguvu, lakini nilikuwa nimeshamaliza.

Kisha wa pete akasukuma kitambulisho cha Mzee mbele, akanyoosha kiganja kwangu. Nilipekua mkoba, nikatoa kitambulisho changu, nikampa. Nzisa akamlazimisha aandike kwenye karatasi kwamba amekichukua, saa na tarehe, akatia sahihi.

Mzee Magan amerudi kazini. Mimi pia nimerudi. Kitambulisho changu bado wanacho.