Sahani Yako Katika Zamu Yangu

Mke mwenzangu Mwanasiti,

Ukiutambua mwandiko huu utataka kuikunja barua. Usiikunje. Tangu utoke eda ukarudi kwenu Kwale sijakuandikia hata mstari, na leo sikuandikii kwa mapenzi. Mume tulimzika, wivu wangu haukuzikwa naye.

Wivu huo ulianza siku ile aliporudi Likoni kutoka hospitali ya kisiwani, akatuambia figo zake zote mbili zimechoka na atakuwa akivuka feri mara mbili kwa juma kusafishwa damu kwa mashine. Muuguzi alitaka mtu mmoja wa kufundishwa mapishi ya mgonjwa. Mimi ndiye bi mkubwa, nimempikia miaka kumi na minne, na mtaa mzima waujua mkono wangu. Mume akakutaja wewe. "Mwanasiti ni mwangalifu," alisema, nami nikatabasamu huku roho yaniuma.

Basi ukaanza. Muhogo uliukata vipande vidogo, ukauroweka, ukauchemsha, ukamwaga maji, ukauchemsha tena mpaka wenyewe ukasahau kwamba uliwahi kuwa muhogo. Ndizi, mchicha, maharagwe, papa mkavu, tui zito, vyote ukavipiga marufuku. Maji ulimpimia kwa kikombe cha bati, na chai na uji ukavihesabu humo humo. Zamu zetu hazikubadilika, siku mbili kwako, mbili kwangu, ila siku zangu alikuja na sahani yako imefunikwa kawa. Wajua uchungu wa kukaa ukumbini kwako ukimtazama mumeo akila mapishi ya mke mwenza? Nilikuwa kama mwenye nyumba ya wageni.

Naye alijua kunibembeleza. "Wallahi, Bi Mkubwa, chakula cha mwenzio hakina ladha," alininong'oneza. Nilifurahi siku nzima. Sikutaka kuona kwamba sahani aliimaliza.

Kisha likaja lile juma la joto. Alinijia kutoka kazini Kipevu, midomo imemkauka na kikombe chako ameshakimaliza. "N'na kiu. Nipa japo funda moja." Kwetu nimekua nikisikia kwamba maji ya dafu huosha figo. Mama alimpa kila aliyekojoa kwa shida. Nikasema moyoni, Mwanasiti na muuguzi wake wanamkausha mtu, mimi nitamponya. Nikamkatia madafu mawili. Alikunywa akafumba macho, akasema, "Wewe ndiwe mke." Kesho yake nikamkatia mengine matatu.

Siku ya tatu asubuhi miguu yake ilikataa kusimama, na moyo ukawa wadunda, wasita, wadunda. Ulikuja mbio, tukambeba sote wawili. Mashine ilimrudisha, lakini muuguzi alitugeukia akiwa amekasirika. Alisema kuna madini fulani damuni ambayo figo zake haziwezi kuyatoa, na yamejaa karibu yasimamishe moyo. "Mmempa nini? Machungwa? Madafu?"

Nilitazama sakafu. Wewe ulikuwa umeyaona makumbi ya madafu uani kwangu asubuhi ile. Nilikuona ukiyaona.

"Ni mimi," ulisema. "Sikujua."

Alikukaripia mbele ya wagonjwa wote, wewe uliyekuwa ukijua kila punje aliyokula. Mume wetu alikutazama kutoka kitandani. Mtazamo ule sikuwahi kupewa mimi, hata usiku wa harusi.

Tulipotoka nje nilikuuliza kwa nini, tena nilikuuliza kwa ukali. Ukajifunga leso vizuri ukanijibu, "Wakijua ni wewe, hawatakuacha umkaribie. Naye anakupenda."

Aliishi miaka miwili zaidi kwa sahani zako. Mimi sikumpa tena kitu, nilikaa tu naye. Hukumwambia mtu, hukunisimanga hata tulipogombana juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Nimelipindua jambo hili kila upande nikitafuta ulipokosea, nisipaone. Naomba radhi yako, Mwanasiti, kwa madafu na kwa kunyamaza. Lakini wivu sikuombei radhi, kwa maana bado ninao, na sasa si wa sahani. Makumbi yale yangekuwa uani kwako, ningeyatia kikapuni nikavuka nayo feri, nikamwonyesha muuguzi kwa mkono wangu.

Mimi,
Bi Mkubwa wako