Bati la Kavutha Kupakwa Rangi Bila Idhini Yake

Kwa wanachama wote wapendwa, na kwa Msimamizi wa Ukumbi wa Maonyesho, Machakos: salamu nyingi za heshima, pamoja na ombi la radhi. Kumbukumbu hizi zilistahili kuwa tayari Jumatano. Zimefika Alhamisi kwa sababu Mwenyekiti aliirudisha rasimu mara mbili akitaka Kumb. Na. 3 ipunguzwe. Haikupunguzwa. Katibu anaomba msamaha kwa kuchelewa tu.

KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI, CHAMA CHA MAFUNDI WA BATI NA RANGI, MUMBUNI

Tarehe: Jumanne, 12 Machi 2024.
Mahali: Banda la Nzisa. (La Mwenyekiti lilikuwa limefungwa, naye ndiye mwenye ufunguo.)
Waliohudhuria: Bw. Kiema, Mwenyekiti; Bi. Nzisa, fundi wa kuchomelea; Bw. Kuria, muuza vyuma; Bw. Kisilu, fundi wa rangi; Gabriel Kitheka, Katibu.
Aliyeitwa: Bi. Kavutha Musyoka, fundi wa rangi na mchoraji.
Asiyehudhuria kwa udhuru: Bi. Mbula, aliyekuwa mazishini Kalama.

KUMB. NA. 1/3/2024: KUFUNGUA
Nzisa aliongoza sala, akamwomba Mungu atulize hasira. Kavutha aliomba ieleweke kwamba yeye hakuja kutulizwa.

KUMB. NA. 2/3/2024: LALAMIKO
Kavutha alieleza kwamba mabanda ya zamani yalipobomolewa kupisha barabara, aliokoa bati moja la ukuta. Ni ukuta ule ambao kila fundi wa rangi alijaribia rangi yake kabla ya kuligusa gari la mteja, kwa miaka mingi, rangi juu ya rangi. Marehemu baba yake, Mzee Musyoka, alimfundisha kazi mbele ya ukuta huo. Kwa miaka miwili alilipiga bati msasa polepole hadi rangi za chini zikachungulia, akaongeza mistari yake. Hakuchora mtu wala gari. Kazi hiyo aliiita "Kabla ya Gari", nayo ingetundikwa ukumbini Jumamosi hii.

Aliliegemeza uani likauke. Jumatatu alilikuta limenyooshwa, limelainishwa, na kupakwa rangi ya fedha kutoka pembe hadi pembe.

"Mmenyoosha hata pale baba alipogonga na nyundo," alisema.

KUMB. NA. 3/3/2024: MAJIBU
Kisilu alikiri kwamba kazi hiyo ni yake. "Mwaitu, mama yangu, mimi niliambiwa hii inaenda mjini, itengenezwe. Na mimi nikiona bati limebonyea, mkono unaenda wenyewe. Nikaweka puti ya kujaza mabonyeo, nikapulizia mara tatu. Angalia, hakuna mahali rangi imeteremka."

Kuria alisema hata gari la harusi halijawahi kung'aa hivyo. Aliombwa anyamaze.

Mwenyekiti alieleza kwamba agizo lilikuwa lake na halijutii. "Wakubwa watakuja pale na suti. Tuwawekee bati mbovu, waseme hao ndio watu wa Mumbuni? Na picha yenyewe haina hata mtu."

"Walikuwa pale, Mzee," Kavutha alijibu. "Ni wewe umewafuta."

Nzisa alimwuliza Mwenyekiti mikono yake mwenyewe, baada ya miaka ya kazi ya bati, iko namna gani. "Ama nayo utaipaka rangi ya fedha ndio uingie ukumbini?" Mwenyekiti alimtaka asitoke nje ya ajenda. Nzisa alisema hiyo ndiyo ajenda.

Katibu, kwa kuomba radhi, aliarifu kikao kwamba upande wa chini wa bati hilo palikuwa na rangi ya kijani kidogo. Mzee Musyoka alikijaribia hapo siku alipopaka mlango wa kibanda cha chakula cha marehemu mke wa Katibu. Aliomba jambo hilo liandikwe, si kwa kutafuta huruma, bali kwa kuwa Mwenyekiti amesema hapakuwa na mtu.

KUMB. NA. 4/3/2024: KAMA LAWEZA KURUDISHWA
Kuria alipendekeza rangi ya fedha iondolewe kwa msasa. Kisilu alivua kofia, akasema kwamba kabla ya puti alilikwangua bati lote hadi chuma, kwani puti haishiki juu ya rangi kuukuu. "Chini hakuna kitu, mwaitu. Ni chuma tu."



Mwenyekiti alipendekeza bati lipelekwe lilivyo, likiwa na jina la Kavutha. Kavutha alisema jina lake halitakaa hapo. Mwenyekiti alipotakiwa amwombe radhi, alisema ataomba akionyeshwa kilichoharibika. Kamati ilichukizwa na jibu hilo, ikaagiza neno "ilichukizwa" liandikwe.

Iliamuliwa, Mwenyekiti peke yake akipinga:
Bati lisipelekwe. Ukumbi uelezwe wazi kwamba mchoraji hakuchelewa wala hakushindwa. Kazi yake iliharibiwa kwa agizo la Mwenyekiti wa chama hiki. Ukumbi uombwe kuacha nafasi yake ukutani ikiwa tupu, na chini yake paandikwe jina la kazi na jina la Kavutha.

KUMB. NA. 5/3/2024: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyejitolea kuongoza sala ya kufunga.

Mwenyekiti: amekataa kutia sahihi.
Katibu: G. Kitheka

Nakala ya ukumbi itapelekwa kesho asubuhi na Bw. Kisilu. Kamati ilikuwa imemteua Kuria, lakini Kisilu aliomba aende yeye, ili akiulizwa ni nani aliyelikwangua bati, awe amesimama pale.