Aliyekesha Haamshwi

Al Rayyan, Doha
11 Agosti 2013

Kaka yangu Haji,

Shikamoo, na assalaam alaykum wewe na wote walio hapo nyumbani. Goti la Mama linaendeleaje? Wifi amejifungua au bado? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na Idi tumeila salama. Barua hii ataileta Philipo, dereva wa nyumba hii, mtu wa Bukoba anayekuja likizo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikianza neno, wewe umeshalimaliza.

Katikati ya Ramadhani ulinipigia ukaniambia umekwisha kumhakikishia wakala kwamba naongeza miaka miwili hapa. Niliposema nimechoka ulicheka. Ulisema kazi yenyewe si ya kubeba zege, ni kukesha tu, na sisi watu wa Tanga tumezaliwa tunakesha, iwe maulidi, iwe harusi, iwe msiba. Simu ikakatika, nawe ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, kaka. Niliikata mimi.

Sasa tuzungumze juu ya huko kukesha. Unakumbuka Bibi Mwanahamisi alipougua? Mama alikaa naye macho usiku kucha, anamgeuza, anampa maji kwa kijiko. Kukipambazuka shangazi anashika zamu, Mama anatundikiwa kanga dirishani, na kuku wanafukuzwa uani wasimpigie kelele. Wewe ulipigwa kofi kwa kuangusha sufuria. Hata wapishi wa pilau ya harusi, wakishakesha na masufuria yao, hulala mpaka adhuhuri, na anayewagusa hutukanwa mpaka atafute pa kujificha. Aliyekesha haamshwi. Hiyo ndiyo sheria niliyokua nayo, na hakuna aliyenifundisha kwamba kuna mahali haifiki.

Kwa hiyo kule ofisini kwa wakala nilipoulizwa kama naweza kukesha, nilijibu kwa mbwembwe kwamba nimezoea tangu utoto. Wewe ulikuwa umekaa pembeni, ukatabasamu. Nilidhani nauza usiku peke yake. Kumbe nilikuwa nimeuza na asubuhi.

Ramadhani hapa watu wanageuza siku. Wageni wa Madam, mwenye nyumba, wanaingia baada ya tarawehe, majlisi, yaani sebule yao ya wageni, inajaa, na mimi ni sambusa, ni gahwa, ile kahawa yao, ni chai, ni vikombe, mpaka daku. Wakishakula wanaswali na kulala, nyumba nzima inakuwa kimya. Mimi naosha vyombo mpaka saa kumi na moja. Saa kumi na mbili Noora, mtoto wake wa miezi kumi, anafungua macho, na akifungua yeye nimefungua na mimi. Madam anaamka adhuhuri. Sisemi ni mtu mbaya, maana hajanipiga, hajanitukana, na Idi amenipa vitambaa viwili vizuri. Ila hakuwahi kujiuliza mimi nalala saa ngapi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Siku ya ishirini na nne nikagoma. Ndiyo, mimi Zainabu unayeniita mpole. Baada ya swala ya alfajiri nilimwendea Madam kabla hajapanda kitandani, nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba usiku nitafanya kazi bila kinyongo, lakini asubuhi nalala mpaka adhuhuri, na mtoto atafutiwe mtu. Kisha nikaenda chumbani, nikatundika kanga dirishani na nyingine mlangoni. Madam alishangaa kuliko kukasirika. Akampigia mtu wa ofisi iliyonileta, naye akataka kuzungumza na mimi. Aliniambia wenzangu wote wanaweza, nina nini mimi, na kwamba nisipoamka nitarudishwa. Nikamjibu anirudishe tu, lakini leo nalala kwanza. Nikamrudishia Madam simu yake, nikalala fofofo. Mama yake Madam, bikizee wa watu, ndiye aliyembeba Noora asubuhi ile, na nyingine zote zilizobaki. Alimwambia binti yake kwamba hata ngamia hupumzishwa.

Najua hapo umeshaanza kufurahi. Utasema si unaona, mambo yamekaa sawa, tia saini. Hata Madam alifikiri hivyo. Siku ya pili ya Idi aliniletea mkataba mpya, na usingizi wa asubuhi za Ramadhani ameuandika mwenyewe kwa kalamu. Nikakataa. Akadhani nadengua, akauliza nataka nini zaidi. Ikabidi nimwambie, na wewe nakwambia sasa.

Siku ya ishirini na tatu ya Ramadhani, asubuhi, nilikuwa namwogesha Noora kwenye beseni. Nimepiga magoti, mkono mmoja nimemshika mgongoni. Sikumbuki kusinzia. Nakumbuka kushtuliwa na ukimya. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi majini, kaka. Nilimnyanyua, nikampiga mgongoni, akatapika maji, na alipolia nililia kumshinda. Hakuna aliyeona. Nilimvalisha, nikampaka mafuta, nikamnyonyesha chupa yake, na siku nzima sikumwambia mtu.

Madam aliposikia hakupiga kelele. Alikwenda kumchukua mtoto, akamkumbatia kwa muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Halafu akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nije, nilikuwa nalala saa ngapi kwa siku. Nikamwambia mbili, tena kwa vipande. Tangu hapo hajasema nami, na sina haki ya kumlaumu. Tiketi yangu imekatwa, ni tarehe ishirini na sita. Mkosaji ni mimi, na hilo nitalibeba. Lakini sitakubali kulibeba peke yangu huku mwenye kuniambia "kukesha tu" akikoroma Tanga.

Nenda kwa wakala ukafute ahadi uliyomwekea kwa jina langu. Akikwambia kazi bado ipo, mwambie umepata mtu, ujiandikishe mwenyewe. Wanaume pia wanatakiwa huku. Ukishakaa mwezi mmoja, nipigie simu, nami nitakusikiliza mpaka umalize.

Nisalimie wifi, na mtoto akiwa amezaliwa mbusu kwa ajili yangu. Mwambie Mama nakuja, usimwambie kwa nini. Hilo la Noora nitamweleza mimi, ana kwa ana, na hata akilia sitabadilisha neno. Mungu awaweke salama mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hatatia saini,

Zainabu