Mama Amekusikia Vizuri Sana

Nyumbani, chumbani kwa mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi. Hujambo huko? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi hatujambo. Mama anakula, analala, ananigombeza. Ujue ni mzima.

Masikio yake tu ndiyo yanazidi kuwa mazito. Si unajua anavyozipenda zile sauti mnazomtumia kwa simu, anazirudia kutwa. Sasa shangazi akizungumza ni kama anaita mtu ng'ambo ya mto, spika inakwaruza, mama anashtuka kitandani. Wewe nawe unaongea kama una peremende mdomoni. Kazi yangu ikawa kupandisha na kushusha sauti, mpaka sufuria zinaungua.

Basi fundi simu akaniwekea programu ya kusawazisha sauti. Unaingiza rekodi zote, inashusha zenye makelele, inapandisha za chini, zinatoka sawasawa. Nilifurahi mno! Ijumaa nikamfungulia mama, nikaenda kuanika nguo.

Ile yako ya mwisho, baada ya kumuaga mama, ulisahau kuizima. Hapo awali tulikuwa tunasikia mvumo tu. Safari hii mvumo ukapanda, na wewe ukapanda nao, nikakusikia mpaka uani ukimwambia mtu: "Nirudi wapi? Dada yupo, atamwangalia."

Chiriku wee! Mwaka mzima naambiwa subiri, ukija utakaa na mama, mimi niende nikashone kwenye kile kiwanda kilichonishikia nafasi. Cherehani nimeshaifunga kwa shuka, tayari kwa safari. Mwezi ujao nafasi wanampa mwingine. Natoka jikoni naingia chumbani, natoka chumbani naingia jikoni, mlango wa mbele naufagia tu. Nimechoka, mdogo wangu, na nimekukasirikia hasa.

Nilikimbia ndani nikamwambia mama programu imeharibika. Akanitazama weee, akasema haijaharibika, ndiyo kwanza inafanya kazi. Tangu hapo hajaomba kusikiliza chochote.

Leo ndiyo ameniagiza nikuandikie. Anataka rekodi nyingine, umwambie mwenyewe kama unarudi au hurudi. Ukinong'ona tutakusikia vilevile.

Shangazi anakusalimu, tena siku hizi kwa sauti ya kawaida. Msalimie mkeo na mwanangu mdogo. Mungu awalinde, na wewe akufungue mdomo.

Akupendaye hata leo,
Dada yako, yule aliyepo.