Mzigo Uliotoka Siku ya Maziko Yako

Mama,

Wanasema kosa ni lako. Nimekaa na maneno hayo wiki mbili nikitafuta namna ya kukuambia kwa upole, nimeshindwa. Lile kontena la minofu ya samaki mbuta lililokataliwa ng'ambo, barua ya kiwanda inasema ulilikagua wewe, ukalipitisha wewe, na kwamba kwa bahati mbaya mkaguzi huyo alifariki baadaye.

Hilo "baadaye" linanichoma. Mzigo ule ulipakiwa Jumamosi uliyozikwa. Saa tuliyokuwa tunafunga milango ya kontena hapa Homa Bay, wewe ulikuwa Magunga, nyumbani kwa mume wako, watu wanakuimbia. Najua kwa sababu nilikuwepo. Si Magunga. Kiwandani.

Sikuja kukuzika, Mama. Lori la kiwanda lilibeba kila aliyetaka kwenda, mimi nikaambiwa nibaki, maana baada yako ni mimi tu, mwanafunzi wako, niliyejua kupima, na meli ya Mombasa haimngoji mtu. Meneja mwenyewe alienda. Nasikia alishika maikrofoni akasema wewe ulikuwa nguzo ya kiwanda, na akina mama wakampigia makofi. Nikikumbuka hayo makofi natamani kuvunja kitu.

Wiki ile mikono ilikuwa michache, nusu ya watu walikuwa kwenye matanga yako. Samaki waliingia Alhamisi jioni, friza ikajazwa kupita kiasi, na mlango ukawa unafunguliwa kila saa. Jumamosi asubuhi nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilifungua katoni, nikatoboa mnofu mpaka katikati, nikatia kipimajoto. Hasi mbili. Nikafungua katoni nyingine. Hasi moja. Wewe hukuwahi kupitisha samaki asiyefika hasi kumi na nane, hata mtu akulilie.

Nilimpigia meneja simu. Alikuwa kando ya hema lako, nasikia wimbo nyuma yake, nasikia hata mtoto akilia. Nikamwambia samaki hawajaganda. Akaniambia, "Weka tu, kontena itamalizia njiani." Unacheka, najua. Miaka yote hiyo na bado hajui. Siku yangu ya kwanza uliniambia, "Nyathina, mwanangu, kontena si friza. Hiyo ni blanketi tu. Ukilaza samaki na joto yake, itaifunika na hiyo joto mpaka Ulaya." Mtoto wako mimi, wa kufunzwa tu, nililishika neno hilo siku hiyo hiyo. Yeye mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka hajalishika mpaka leo.

Nikamwambia siwezi kutia sahihi yangu hapo. Nilidhani hilo litamsimamisha. Wimbo ukiendelea nyuma yake, akasema, "Basi andika jina ya Mama. Hao watu wa ng'ambo wanaijua, hawataisumbua. Hata yeye angependa mzigo itoke."

Nikaliandika.

Si yeye, Mama. Mkono ulikuwa wangu. Maiti haulizwi sanda, wewe hata saini hukuulizwa. Nililiandika jina lako kwa ule mwandiko wako wa kulalia kushoto, ninaoujua kuliko wangu, nikapiga muhuri, kontena likafungwa, jenereta likawashwa, lori likaondoka. Kisha nikaingia chumba cha baridi nikakaa juu ya katoni tupu mpaka vidole vikafa ganzi. Zamani vikifa ganzi hivyo ulikuwa unanitoa nje, unanishikisha kikombe chako cha chai, unanitania eti sisi watu wa Rodi Kopany tunajua ng'ombe tu, samaki tunamwona kwa sahani tu. Siku hiyo hakuna aliyekuja kunitoa.

Na wewe nina hasira nawe. Wacha niseme. Ulirudisha lori zima mara moja, likakaa uani siku nzima na jenereta likinguruma, meneja akapita mbele yako bila kufungua mdomo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Kwa nini hukunifundisha hilo? Ulinifundisha kipimajoto, hukunifundisha mdomo. Na kile kifua ulikuwa unakishika kila ukitoka chumba cha baridi, ukaniambia ni jua na baridi zinapigana tu, zitapatana. Nikakuamini kwa sababu hukuwa na tabia ya kudanganya. Ungeniambia ukweli ningekuwa nimejiandaa. Labda ningekuwa na nguvu ya kumkatalia. Labda sio. Nilifyata mkia, ndio ukweli.

Mzigo ulifika ng'ambo umeoza kwa ndani. Minofu ilikuwa imeshikana, maji mekundu chini ya katoni, na harufu. Mashine ya kontena haikuzima hata saa moja tangu Homa Bay, rekodi zake zinaonyesha, kwa hiyo wenye meli wakanawa mikono. Lawama ikarudi kwa aliyepakia. Kiwandani wakafungua faili, wakaona jina lako, wakapumua. Marehemu hajibu barua.

Jambo hilo limefika Magunga. Wanawake sokoni wanasema Nyar Mfangano aliyejifanya mkali wa samaki alikuwa anapitisha uchafu. Wanakuita hivyo bado, binti wa Mfangano, lakini sasa wanalisema kwa kubetua midomo. Binti yako Achieng' alikuja kuomba ile kazi waliyomwahidi juu ya kaburi lako, akaambiwa langoni kwamba mama yake amewaunguza vya kutosha.

Nilimfuata nyumbani kwenu Jumapili. Nilimwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Alikuwa anachambua vidagaa vya omena kwenye ungo, hakuacha. Nilipomaliza akaniuliza, "Uliandika jina ya mama yangu akiwa kwa jeneza?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua. Nilisimama, nikataka kupita nyuma ya nyumba nikuone, walau niguse udongo wa kaburi. Akasema bila kuinua kichwa, "Huko usiende. Uende kwanza penye ulimharibia jina."

Sikubishana naye. Ningekuwa yeye ningenirushia ule ungo.

Mwakilishi wa wanunuzi anakuja kiwandani Alhamisi hii. Meneja ametupanga tayari. Mimi nitapeleka chai na faili, nikiulizwa nitasema Mama alikuwa mgonjwa siku zile, labda hakuona vizuri. Alinishika bega akiniambia hivyo. Mkono ule ule wa maikrofoni. Nikaitikia kwa kichwa, nikatoka.

Sitasema hivyo. Nitapeleka ile karatasi ya matanga yenye picha yako na tarehe ya kuzikwa, nitaiweka juu ya faili karibu na saini yenye tarehe ile ile, wasome wenyewe. Nitasema katoni ya kwanza ilikuwa hasi mbili, ya pili hasi moja. Nitasema nani alinipigisha muhuri na alikuwa amesimama wapi. Na wakiniuliza nani aliandika jina, nitasema ni mimi, mbele yake, mbele ya wasichana wote wa mezani wanaokata minofu, ili yafike Magunga kabla yangu. Watanifukuza. Wanaweza hata kuniitia polisi. Naogopa, Mama, sitakudanganya, usiku silali. Lakini nimeogopa mara moja na ona kilichotokea.

Kisha nitakuja kwa Achieng', nikae nje ya boma mpaka anikaribishe au anifukuze. Akinikubalia nitapita nyuma ya nyumba. Asipokubali nitarudi tena Jumapili inayofuata, na inayofuata hiyo.

Oriti, kwaheri, Mama. Pumzika. Hasira niachie mimi.

Adhiambo