Nguzo Nilizozinyoosha

Alhamisi, 26 Machi
Daktari kamwambia mwanangu Chengrui: figo basi tena. Nilisikia nyuma ya pazia. Sawa. Kilichobaki ni kusema.

Nguzo za Hekalu la Mama wa Chemchemi zilikuwa zimeinamia ndani. Mafundi wa enzi ya wafalme wa Song walizisimamisha hivyo makusudi, uzito wa paa uzibane, mbao zishikane bila msumari. Karibu miaka elfu hazikutikisika. Mimi, wakati huo kijana mwenye shahada niliyeitwa kulikarabati, nikadhani tetemeko limezipinda. Nikaagiza zinyooshwe. Zikanyooka — nikapigiwa makofi, nikaitwa Mwalimu!

Ijumaa, 27 Machi
Nilipelekwa hekaluni kwa kiti cha magurudumu. Nguzo za mbele sasa zinaegemea nje. Juu yake mbao zimeachana, mwanga unapita. Kosa nililijua zamani. Nikasingizia unyevu.

Keshokutwa ni sikukuu ya Mama wa Chemchemi. Kijiji kizima kitajazana humo na ubani.

Jumamosi, 28 Machi
Nimemweleza Chengrui yote. Yeye ndiye mwenyekiti wa sikukuu. Akacheka. Baba, hizo ni dawa zinazosema. Hekalu limezika wafalme wangapi, lije lianguke kesho?

Jikoni mkewe, Cuiping, akanong'ona: mzee anaogopa kwenda peke yake, anatafuta wa kufuatana naye. Nikalisukuma kando bakuli la uji wa mtama.

Nimeomba wanipeleke kesho. Sikusema kwamba nitauziba mlango kwa kiti changu.

Jumapili, 29 Machi
Ngoma. Fataki. Mlangoni nikakaza breki, nikapiga kelele: msiingie! Sauti imekwisha; kilitoka kikohozi.

"Mwalimu anataka kuingia!" Huyo Gao, muuza siki. "Mpisheni! Aliyelitengeneza hekalu aachwe nje kama mkokoteni?"

Wakaangua kicheko, wakaninyanyua na kiti changu, wakaniweka mbele ya sanamu ya Mama, katikati kabisa. Na kwa kuwa mimi nimo, wanaingia wote. Hata bibi mmoja aliyekuwa akisita kizingitini: "Kama Mwalimu kakaa, mimi nani?" Cuiping kaingia na mjukuu wangu mgongoni.

Kuna mlio juu. Mkavu, mfupi. Ngoma zinaumeza.

Nimechana ukurasa wa daftari hili, nimeandika kwa herufi kubwa: WATOE. Nimempa Chengrui. Kausoma, midomo ikitaka kucheka. Kisha kanitazama. Kisha — mara ya kwanza tangu jana — kainua macho juu.

Hacheki tena. Anapiga kelele sasa, mikono hewani. Walio nyuma wanadhani anawakaribisha. Wanazidi kusukuma —