Nukta Nyekundu kwenye Skrubu ya Mafuta

MAELEZO YA SHAHIDI: MOTO KATIKA KARAKANA YA SEREMALA

Shahidi: anafahamika mtaani kama Bibi Pasi. Umri: hana hakika, anakadiria sabini na kitu. Kazi: kufua na kupiga pasi nguo za watu. Makazi: nyumba iliyopakana ukuta na karakana iliyoungua. Hajui kusoma wala kuandika. Anaeleza kwa hiari yake:

Kwanza andika hili, mwanangu: mmechelewa. Kutoka hapa kituoni hadi kwangu, mtu akipiga chafya nasikia. Jana mlikuja mkamchukua mjukuu wangu, mkanipita mlangoni kama mnaruka kisiki, na tangu hapo hakuna aliyerudi kuniuliza, "Bibi, uliona nini?" Mimi niliona yote. Imebidi nije mwenyewe na magoti haya mabovu.

Mjukuu wangu ni fundi wa vigari vinavyoendeshwa kwa rimoti. Si vile vya betri. Hivi vina injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, inakunywa mafuta na kutoa moshi. Nimemlea tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Sina mwingine.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, baada ya adhuhuri, Mpiga Picha wa mtaani kwetu alileta kigari chake. Alisema kinachemka na kuzimika kila kikizunguka kidogo. Mjukuu wangu alisafisha vumbi kwenye injini, akabadilisha plagi, kisha akafungua kidogo skrubu ya mafuta, ile inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini. Moshi ukatoka mwingi. Mpiga Picha akanuna: "Dada, hiki sasa si kigari, ni jiko la kuni."

Mjukuu wangu akamjibu, "Moshi huo ndio uzima wake, kaka. Oili imo humo humo ndani ya mafuta. Ukiyabana, injini inakauka, inaungua."

Alikizungusha uani, akaniletea mezani. Mimi hupima pasi kwa tone la maji, basi naye huniletea injini zake nizipime hivyo hivyo. Nikadondosha tone. Likatokota taratibu, halikuruka. Nikasema, "Hii unaweza kuipigia hata hariri." Akacheka. Kisha akatia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye chuma kinachoishika. Kila kigari anachomaliza hukitia alama hiyo. Mtu akiizungusha skrubu, nusu mbili zinaachana. Akasubiri ikauke, akaingia ndani kunawa.

Hapo Mpiga Picha akaokota bisibisi. Nikamuuliza, "We baba, unafanya nini?"

"Nabana kidogo, Bibi. Mafuta ndiyo moto. Yakipungua, itapoa."

"Acha! Umeambiwa nini sasa hivi?"

"Wewe piga pasi, Bibi."

Kigari kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Moshi haukuonekana tena. Kikatoka getini, kikaingia uwanja wa seremala, yeye nyuma yake na chupa ya mafuta ya mjukuu wangu mkononi. Nikawafuata. Kikazimika kando ya lundo la maranda ya mbao. Sikuwa na maji, nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa injini. Mate yalikauka kabla sijaondoa kidole. Tazama, kidole chenyewe hiki. Nikapiga kelele, "Usimimine!" Alikuwa ameshafungua tangi. Mafuta yakafurika hadi kwenye ekzosi, lile bomba la moshi.

Moto wa mafuta yale hauonekani juani. Niliona hewa tu inatetemeka, kisha vinyweleo vya mkono wa Mpiga Picha vikajikunja. Akaitupa chupa kwenye maranda. Mjukuu wangu alitoka mbio na shuka za wateja wangu, zikiwa bado zimelowa, akamfunika kwanza yule yule Mpiga Picha, ndipo akageukia moto. Milango ya seremala ilikuwa imeshashika moto.

Seremala ni jirani mwema na ana haki ya kulia. Aliporudi alimkuta mjukuu wangu katikati ya moshi, chupa ni yake. Akauliza nani kafanya. Mpiga Picha akamnyooshea kidole mjukuu wangu: "Alinipa kigari kibovu." Nilimtazama usoni. Akatazama viatu vyake.

Kigari mnacho humu ndani. Kikagueni leo, mbele yangu, kabla bisibisi nyingine haijakipitia. Nusu za nukta zikikutana, mfungieni mjukuu wangu, na mimi mnifungie naye kwa uongo. Zikiwa zimeachana, mnamjua wa kumuuliza.

Niliyoyaona ndiyo haya, nimesomewa, ni yenyewe. Ila neno "mtuhumiwa" ulilolichomeka sikulisema. Nimesema mjukuu wangu. Lifute.

Alama ya shahidi: dole gumba la kushoto. Mkono wa kulia una malengelenge.

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, afisa wa zamu, na kumsomea shahidi. Neno alilolikataa limefutwa. Kielelezo kimekaguliwa mbele yake na mbele ya mkuu wa kituo. Nusu za nukta zimeachana kwa robo mzunguko, upande wa kubana. Mpiga Picha ameitwa. Shahidi ametaka iongezwe, nami naongeza kama alivyotamka: "Ukija kwangu tena, mwanangu, usinipite mlangoni. Piga hodi. Na usije peke yako: njoo na mjukuu wangu, akiwa amevaa vile viatu mlivyomvua jana."